Mimbari Peke Yake Haichanji Mtu

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, kuzindua chanjo ya UVIKO-19 nchini Tanzania. Shehena ya Janssen, dozi zaidi ya milioni moja, ilikuwa imetua siku nne kabla. Viongozi wa dini walikuwa miongoni mwa waliochanjwa siku ile mbele ya kamera, na picha zikasambaa nchi nzima. Pamoja na hayo, foleni hazikufurika. Mwanzoni mwa 2022 waliokamilisha chanjo walikuwa asilimia chache tu ya wananchi. Ilipofika 2023, karibu nusu ya Watanzania walikuwa wameshachanjwa.

Katikati hapo wachanjaji waliacha kukaa zahanati wakingoja watu. Walibeba visanduku vyao vya baridi wakawafuata sokoni, mashambani, nyumba kwa nyumba, na kwenye viwanja vya makanisa na misikiti baada ya ibada. Picha ya mkubwa akichomwa sindano iliwafanya watu wafikiri. Kilichowafanya wanyanyuke ni kumkuta mtu wanayemjua, mahali walipopazoea, akiwa na muda wa kuwajibu.

Makala haya yanawalenga imamu na ustadhi, mchungaji na katekista, mwenyekiti wa jumuiya, kiongozi wa kwaya, akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) na wa darsa. Ugonjwa wa mlipuko ukija tena, na utakuja, kazi yenu kubwa haitakuwa kupaza sauti kuhusu chanjo. Itakuwa kuyateremsha mazungumzo kutoka mimbarini hadi kwenye vikundi vidogo ambako watu huulizana bila haya, na kuwatunza wagonjwa mnaowajua kwa majina.

Malizeni kwanza swali la imani

Mara nyingi muumini hakatai chanjo kwa sababu ya sayansi. Anaogopa kwamba akichanjwa ataonekana amekosa imani kwa Mungu. Hofu hiyo daktari haiwezi. Ni ya kiongozi wa dini, naye asiikwepe.

Kwa Waislamu mfano upo tayari. Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa njiani kuelekea Sham akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Alishauriana na masahaba, kisha akaamua kurudi na watu wake. Sahaba Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, na maana ya jibu la Umar ni kwamba anatoka kwenye kadari moja kwenda kwenye nyingine, zote za Mungu. Ustadhi akikisimulia kisa hiki darasani, hana haja ya kuongeza mengi.

Kwa Wakristo, mfalme Hezekia alipougua aliomba, Mungu akasikia, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Maombi na dawa vilikaa chumba kimoja. Yesu naye, alipoambiwa ajirushe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika watamdaka, alikataa kumjaribu Mungu. Kumwacha mzee wa miaka 75 bila kinga kwa madai kwamba Bwana atamlinda kunafanana sana na jaribu lile.

Wakumbusheni waumini pia kwamba chanjo si mgeni katika ibada. Kila anayekwenda Hija huchanjwa kwanza homa ya uti wa mgongo; ni sharti la Saudia la miaka mingi. Mwaka 2021 Saudia iliruhusu mahujaji 60,000 tu, wote wakazi wa nchi hiyo, na wote waliochanjwa. Hujaji wa mtaani kwenu aliyewahi kukunja mkono wa kanzu kabla ya safari ni shahidi mzuri kuliko kipeperushi.

Kila swali lina mwenyewe

Kosa ambalo nyumba nyingi za ibada hufanya ni kumgeuza mchungaji au imamu kuwa daktari wa Jumapili au wa Ijumaa. Anasimama, anaanza kueleza virusi, anateleza kwenye jambo moja dogo, na aliye nyuma mwenye simu anamkamata. Kuanzia hapo hata alichosema kwa usahihi hakiaminiki.

Gaweni maswali. Yanayohusu mwili yajibiwe na muuguzi au mganga. Yanayohusu dhamiri yajibiwe na kiongozi wa dini. Mkiwaketisha wawili hao meza moja, kila mmoja akasema la kwake na akanyamazia la mwenzake, mtashangaa jinsi ubishi unavyopungua.

Chukueni uvumi kwamba chanjo ni alama ya mnyama, uliotembea sana 2021. Muuguzi hana la kusema hapo. Mchungaji analo: katika kitabu cha Ufunuo alama ile inaambatana na kumsujudia mnyama, ni utiifu wa moyo, na mtu hawezi kuasi imani bila kujua kwa kuchomwa sindano ya kinga. Swali la chanjo zilizotumia seli zilizotokana na mimba zilizotolewa miaka mingi iliyopita nalo ni la dhamiri, na Vatikani ililijibu rasmi Desemba 2020 kwamba Mkatoliki anaweza kupokea chanjo hizo bila hatia. Je, sindano inabatilisha saumu? Kabla ya Ramadhani ya 2021 Mufti Mkuu wa Saudia alisema haibatilishi, kwa kuwa si chakula wala kinywaji. Majibu haya yapo. Kazi ni kuyafikisha kwa bibi aliyeko kijijini kabla video ya dakika mbili haijamfikia.

Maswali ya mwili, kwa upande wake, yajibiwe kwa ukweli wote. Mwambieni mtu kwamba mkono utauma, kwamba anaweza kupata homa na uchovu siku moja au mbili. Mwambieni kwamba chanjo ya UVIKO-19 haikuzuia kila maambukizi, bali ilipunguza ugonjwa mkali na vifo. Chanjo za Janssen na AstraZeneca zilihusishwa na tatizo la damu kuganda kwa watu wachache sana. Semeni hivyo, na muuguzi aeleze dalili za kuangalia. Mtu aliyeahidiwa kwamba hatasikia chochote, akaamka usiku na homa, atawasimulia majirani kumi kwamba amedanganywa.

Shukeni kwenye jumuiya

Ibada kubwa ni mahali pa tangazo. Watu 800 hawaulizi maswali. Maswali huulizwa Jumamosi alfajiri kwenye jumuiya ndogo ndogo, kwenye darsa la akina mama baada ya Alasiri, kwenye mazoezi ya kwaya, kwenye kikao cha VICOBA ambacho nusu ya wanachama wake wanasali pamoja. Huko ndiko mumwalike muuguzi wa zahanati au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, naye aje kusikiliza kabla ya kufundisha.

Kikao chenyewe kinaweza kwenda hivi. Watu 15 kwenye mkeka na viti vya plastiki, sala fupi, kisha mwenyekiti anasema, "Leo tuna dada yetu kutoka zahanati. Kila mtu aseme alichosikia kuhusu hii chanjo, hata kama ni cha ajabu." Kimya. Halafu mama mmoja anaanza: "Mimi nasikia mabinti hawatazaa." Mzee anadakia: "Mimi nina presha, dada. Nikichomwa si nitaanguka hapohapo?" Kijana mmoja ana habari ya watu watakaokufa baada ya miaka miwili. Muuguzi anaandika yote kwenye daftari bila kucheka. Anapoanza kujibu, anaanza na mzee: "Baba, wewe mwenye presha ndiye ugonjwa unakutafuta zaidi. Endelea na dawa zako, siku hiyo tutakupima kwanza, na ukishachomwa utakaa hapa mbele yangu robo saa." Akimaliza, anamgeukia mama wa mabinti. Kama ndani ya chumba kuna binti aliyechanjwa mwaka uliopita na amembeba mtoto wake mgongoni, muuguzi hana haja ya kusema mengi.

Fanyeni hivi katika kila jumuiya, wala msitegemee mkutano mmoja. Mtu hubadili mawazo taratibu, na mara nyingi baada ya kusema hapana mara ya kwanza. Kila kikundi kiwe na watu wawili waliokwisha kuchanjwa, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, ambao wengine wanaweza kuwafuata nyumbani kuwauliza faragha. Kijana wa kikundi apewe kazi ya kufuatilia kundi la WhatsApp: video ya uvumi ikiingia, asimtukane aliyeituma, aandike tu, "Tumempelekea nesi, jibu lake hili hapa," akaweka sauti ya nesi mwenyewe.

Leteni sindano uani

Aliyekwisha kukubali anaweza bado asichanjwe kwa sababu zahanati iko kilomita nane, nauli ni ya kutafuta, na Jumatatu ni siku ya shamba. Nyumba ya ibada ina kiwanja, kivuli, vyoo, spika na watu waliokwisha kufika. Kilichobaki ni kuwasiliana na mganga mfawidhi wa kituo au mratibu wa chanjo wa wilaya mapema, walau wiki mbili kabla.

Andikisheni majina kabla ya siku yenyewe. Orodha hii ina maana kubwa kuliko inavyoonekana: kichupa kimoja cha chanjo hubeba dozi kadhaa, Janssen tano na AstraZeneca kumi, na kikishafunguliwa hukaa saa chache tu kabla ya kumwagwa. Mchanjaji akijua kuna watu 40 wanaomngoja, hafungui kichupa kwa wasiwasi.

Pangeni meza kwa mfuatano. Ya kwanza ya kuandika majina na simu, ikiwa na vijana wenye mwandiko unaosomeka. Ya pili ya muuguzi kumhoji mtu kuhusu mzio, ujauzito na maradhi aliyonayo. Ya tatu ya sindano, nyuma ya pazia au kanga iliyotundikwa, maana mama aliyevaa baibui hatafunua bega mbele ya uwanja mzima. Akiwepo mchanjaji mwanamke, mambo huwa mepesi zaidi. Mwishoni, benchi la kivulini ambako watu hukaa dakika 15 hadi 30 wakiangaliwa, wakipewa maji na kadi iliyoandikwa tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo aikariri mwenyekiti wa jumuiya, kwa sababu kadi hupotea.

Imamu au mchungaji achanjwe hapo, mbele ya watu wake, kisha wiki inayofuata aonekane akitembea mtaani na akiswalisha kama kawaida. Kwa majirani, mtu anayeendelea na shughuli zake ni jibu la maswali mengi.

Matunzo hayasubiri chanjo

Katika kila mlipuko huwa kuna miezi ya kungoja chanjo, na yapo magonjwa yasiyo nayo kabisa. Marburg, iliyozuka Kagera 2023 na tena Januari 2025, bado haina chanjo iliyoidhinishwa. Hapo kinga ni kuosha mikono, kuwahi kituo cha afya, kutowagusa wagonjwa bila vifaa, na majirani kutazamana.

Tengenezeni orodha ya pili, tofauti na ile ya chanjo: wazee wanaoishi peke yao, wenye kisukari na presha, wanaotumia dawa za TB au VVU ambao hawapaswi kukosa hata siku moja, wajawazito waliokaribia kujifungua. Gaweni majina hayo, kila mtu awaangalie watatu au wanne. Apige simu kila siku. Achukue dawa kituoni kwa niaba yao. Apeleke unga, maharage na sabuni mpaka mlangoni, abishe hodi, arudi nyuma hatua kadhaa na kuzungumza akiwa hapo. Sadaka ya huruma na zaka zina kazi ya kufanya hapa.

Aliye na ugonjwa wa njia ya hewa nyumbani atunzwe na mtu mmoja, mwenye afya njema, mwenye barakoa, dirisha likiwa wazi. Anywe maji na uji mara kwa mara. Anayemtunza ajue dalili za kumkimbiza hospitali: kuhema kwa shida, maumivu ya kifua yasiyoisha, midomo kugeuka rangi, kuchanganyikiwa, kushindwa kuamka. Tanzania, namba ya Wizara ya Afya ya kupiga bila malipo ni 199. Nyungu inaweza kumpa mtu nafuu ya mafua, lakini haiui virusi, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imewaunguza wengi. Maombi ya kumwombea mgonjwa yafanyike, hata kwa simu. Maombi ya kumfungia ndani asipelekwe hospitali yakatazwe waziwazi.

Walindeni pia wanaotunza. Mwezi Machi 2021 Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Padre Charles Kitima, alisema zaidi ya mapadre 25 na masista 60 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili. Hawa ni watu ambao kazi yao ni kuingia vyumba vya wagonjwa. Anayekwenda kutoa mpako wa wagonjwa au kumsomea mgonjwa dua apewe barakoa na vitakasa mikono, na awe wa kwanza kwenye orodha ya chanjo.

Ibada nayo ibadilike bila kupotea. Nchini Kenya, mwaka 2020, masharti ya kufungua nyumba za ibada yaliandaliwa na baraza la viongozi wa dini mbalimbali chini ya Askofu Mkuu Anthony Muheria: watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja. Watu walinung'unika, lakini masharti yalitoka kwa watu wao. Nanyi andikeni ya kwenu: kikapu cha sadaka kikae mlangoni badala ya kupita mikononi, amani itolewe kwa kuinamisha kichwa, udhu ufanyike nyumbani, kila mtu aje na mswala wake, madirisha yawe wazi, ibada ziwe nyingi na fupi.

Msiba ndipo penye mtihani

Hakuna kinachovunja imani ya watu kwa serikali na kwa wahudumu wa afya kama maziko mabaya. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, nchini Kongo (DRC), 2018 hadi 2020, uliua watu zaidi ya 2,200, na timu za maziko zilishambuliwa mara kadhaa na jamii zilizoona wapendwa wao wakichukuliwa kwenye mifuko bila sala wala maelezo. Afrika Magharibi ilikuwa imekwisha kupitia hayo. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani, likishirikiana na mashirika ya Kikristo na ya Kiislamu, lilitoa mwongozo mpya wa maziko salama na yenye heshima: familia ishirikishwe, kiongozi wa dini awepo, Mwislamu aweze kufanyiwa tayamamu badala ya kuoshwa na kupewa sanda yake, Mkristo aombewe kabla ya kuzikwa.

Kaeni na mganga wa wilaya kabla ya msiba wa kwanza. Kubalianeni nani ataosha au ataongoza tayamamu na kwa mavazi gani, ndugu wangapi watasimama kaburini, sala itaswaliwa wapi, familia itaonyeshwaje kwamba aliyemo ndani ya jeneza ni mtu wao. Magonjwa hayalingani: mwili wa aliyekufa kwa Ebola au Marburg huambukiza vikali kwa kuguswa, wakati hatari kubwa ya msiba wa UVIKO-19 ilikuwa watu kusongamana turubaini. Matanga yafupishwe. Hitima na ibada ya shukrani zinaweza kungoja. Rambirambi itumwe kwa simu, na mfiwa apigiwe hata baada ya wiki tatu, wakati wengine wote wameshasahau.

Ya kuepuka

Msimtenge asiyechanjwa. Chanjo ya UVIKO-19 Tanzania ilikuwa hiari, na mtu aliyetangazwa madhabahuni kama mkaidi hatarudi kuuliza swali lake. Msitumie orodha za afya kufuatilia michango, wala msizisome hadharani; hali ya VVU ya mtu ikivuja kupitia kanisa, mmeua huduma nzima. Msiuze maji, mafuta wala maombi ya kinga. Msikubali mwanasiasa apande mimbarini siku ya chanjo, maana wasiompenda yeye wataikataa na sindano.

Na kama kiongozi wako mwenyewe ndiye anayepinga? Usimvae hadharani wala kwenye WhatsApp. Nenda na wazee wawili anaowaheshimu, na ikiwezekana daktari wa imani yenu. Hilo limewahi kufanya kazi kwa ukubwa ambao wengi hawaujui. Mwaka 2003 viongozi wa dini na wa kisiasa katika majimbo ya kaskazini mwa Nigeria, Kano likiwa mbele, walisimamisha chanjo ya polio wakihofia kwamba inafunga uzazi. Virusi vikatoka huko vikaingia nchi nyingine karibu 20. Wapingaji hawakulazimishwa. Kulifanyika mazungumzo nao, chanjo ikapimwa, na mwaka 2004 Kano ikakubali kutumia dozi zilizotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili.

Anzeni kabla ya mlipuko

Uaminifu haujengwi katikati ya hofu. Ujengeni sasa kwa chanjo za kawaida. Muuguzi aje kwenye jumuiya kuzungumzia surua na polio. Mwalimu wa madrasa na wa shule ya Jumapili waulize kadi za kliniki za watoto wanaoanza. Akina mama wazungumze kuhusu chanjo ya HPV, ambayo Tanzania hutoa kwa wasichana kuanzia miaka 9 kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, kabla wapotoshaji hawajaizungumza kwa niaba yao.

Wiki hii kuna mambo matatu yanayowezekana bila bajeti: pata namba ya simu ya mganga mfawidhi wa zahanati yenu, chagua watu wawili wa afya katika kila jumuiya au darsa, na andika majina ya wazee wanaoishi peke yao. Mlipuko ukitangazwa saa mbili usiku, saa tatu mnapaswa kuwa mnajua nani anampigia nani.